Wino na Teleka wa Kichochoroni

Kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa kwenye jengo la zamani, mtaa wa nyuma, ubavuni mwa ghala kubwa. Chini kulikuwa na mitambo, juu kulikuwa na ofisi na chumba cha kujalidi vitabu, na baina ya jengo letu na lile ghala palipita kichochoro chembamba ambacho jua lilikifikia jioni tu. Mimi nilikuwa upande wa kujalidi, ndiyo maana wenzangu waliniita Gundi. Aliyeendesha mtambo mkubwa kule chini tulimwita Wino. Jina hilo halikuhitaji maelezo. Ukimpa mkono ulijionea mwenyewe: kucha zake zilikuwa na mstari mweusi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuuweza. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku walipofunga ndoa, watu walimtazama bwana harusi vidole kwanza, ndipo wakamtazama uso.

Wino alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua haraka. Ujana wake wote aliumalizia kando ya mtambo ule. Ukiwashwa, jengo zima lilitetemeka, na chai kwenye kikombe changu huku juu ilijichora miviringo. Tajiri wetu, mwanamke aliyerithi kiwanda kwa baba yake, alituletea vizibo vya masikio. Wino alivitundika vyake kwenye msumari na hapo vikabaki. Alisema akijiziba masikio hatausikia mtambo ukilalamika.

Habari ya ndege ilianza siku umeme ulipokatika mchana. Mitambo ilizima kwa mpigo, na ule ukimya ulioingia ulikuwa mzito mpaka watu wakaanza kunong'ona bila kuambiwa. Wino akatoka kupunga upepo, akapanda ngazi ya chuma iliyokuwa nyuma, upande wa kichochoro. Mimi nilikuwa nimekaa pale ngazi inapojipinda, penye nafasi ya watu wawili, nakula mkate wangu.

"Gundi," akaniuliza, "kelele hizo ni za nini?"

"Ndege. Wapo siku zote. Nyinyi wa chini ndio hamuwasikii."

Akainua macho. Chini ya ukingo wa paa viota vilikuwa vimebanana kama mafundo kwenye kamba, vya manyoya na nyasi zilizogandishwa kwa mate. Ndege wenyewe walikuwa weusi, wana baka jeupe kiunoni, na mbawa zao zimejikunja mfano wa mundu. Walikuwa wakipita baina ya kuta zile mbili kwa kundi, wakipiga ukelele mwembamba, mkali, kama watoto waliopewa filimbi siku moja wote.

Mmoja alikuwa chini, kwenye bati la ngazi, karibu na mguu wa Wino. Alikuwa amelala kifudifudi, mbawa zimemtanda kumzidi urefu. Wino akainama akamchukua.

"Mwache," nikamwambia. "Huyo amevunjika."

Alimgeuza taratibu, akatazama vile vimiguu vyake ambavyo ni kucha tupu, havifai kusimamia wala kurukia. Akamweka juu ya ukingo wa ngazi. Yule ndege akateleza. Ndipo Wino akanyoosha mkono nje ya ukingo, kiganja wazi, juu ya kichochoro, akatulia. Ndege akajivuta mpaka ncha za vidole, akaanguka. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa tayari yuko juu ya paa la ghala, huwezi hata kumtenga na wenzake.

"Kumbe alikuwa anatafuta pa kuangukia tu," akasema Wino.

Umeme ulirudi, naye akarudi kazini, lakini kuanzia siku ile, kila mitambo ilipozimwa jioni, badala ya kunawa na kwenda nyumbani kama watu wengine, alipanda ngazi.

Kamera aliipata kwa Tajiri. Zamani kiwanda kilikuwa kinapiga chenyewe picha za bidhaa za wateja. Siku hizi wateja wanatuma picha kutoka kwenye simu zao, na ile kamera yenye lenzi ndefu ilikuwa imelala kabatini. Tajiri akamwambia, "Ichukue. Hapa inafuga ukungu bure."

Picha zake za mwanzo zilikuwa za mbingu. Mbingu ya buluu, mbingu yenye wingu, mbingu na kipande cha bati. Alikuwa akinionyesha kwenye kioo cha kamera na kuniambia, "Hapa nilikuwa karibu kumpata," nami nikimuuliza ni yupi, anionyeshe nukta ambayo mimi naapa ilikuwa uchafu wa lenzi. Ndege wale hawasubiri mtu. Hawatui kwenye nyaya kama mbayuwayu, hawashuki kuchokora chini kama shomoro. Wanakula wakiruka, wanakunywa wakiruka, na wanaojua wanasema hata usingizi wanaupatia huko huko juu. Jina lao hasa, teleka, Wino alilipata kwa mwalimu mmoja aliyekuja kuchapisha mitihani. Alilipenda jina hilo. Alilitamka kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Kidogo kidogo akajifunza. Aliacha kuwakimbiza kwa lenzi. Alichagua mahali pamoja hewani, mbele ya ufa fulani kwenye ukuta wa ghala, akailenga lenzi pale pale, akangoja. Tatizo lilikuwa kona. Teleka walikuwa wakitokea barabara kubwa, wanakata kona ya ghala, na ukiwaona tu wameshakupita. Lakini kelele zao zilitangulia. Zilipogonga kuta za kile kichochoro zilibadilika, zikawa kama zinakuja ndani ya bomba.

"Mimi siwangoji kwa macho," aliniambia. "Sauti ikikunja kona, nabonyeza. Ndege ananikuta nimeshamaliza."

Hivyo ndivyo alivyopata picha ya kwanza iliyotunyamazisha: teleka wa ubavuni, kila unyoya umehesabika, lile baka jeupe linang'aa kwa jua la jioni. Tuliibandika ukutani juu ya meza yangu ya gundi. Wateja waliokuja kuchukua vitabu walikuwa wakiisogelea.

Aliyekuwa hakuvutiwa hata kidogo ni mkewe. Shemeji alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka lake, kimejaa vitambaa na nyuzi, na sanamu ya mbao ya kupimia magauni ambayo Wino alikuwa anaisalimia akiingia, kwa mzaha. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na moyo mlaini. Aliniambia siku moja nilipopeleka suruali kushonwa, "Wenzangu wanaibiwa waume na wanawake wenye miguu. Wangu mimi kaibiwa na viumbe wasioweza hata kusimama."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Baada ya muda ndipo nilipoelewa kwa nini. Ndani ya ile nyumba mambo yalikuwa hayako sawa. Shemeji alilalamika kwamba anaongea na ukuta. Anamwambia mumewe ainue sufuria jikoni, mumewe anapita. Anamuuliza jambo, anajibiwa "sawa" mahali ambapo "sawa" si jibu. Wino naye, upande wake, alininong'oneza kwamba mkewe ameanza kuzeeka vibaya, anaongea ndani kwa ndani, anameza maneno. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akipiga simu na kumpa mtoto wake aongee na babu, Wino alikuwa anashika simu kidogo halafu anairudisha. "Mtandao wa kwao mbovu," anasema. Ajabu ni kwamba ule mtandao ulikuwa mbovu wakati wa mtoto tu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo hayo.

Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni, Tajiri alishuka chini akasimama mbele ya mtambo mpaka Wino akauzima.

"Kalenda ya mwakani ya kiwanda," akasema, "nataka ndege wako kwenye jalada. Nimechoka na picha za maua. Lakini nataka anayekuja, siyo anayekwenda. Mteja akiitazama, aone anatazamwa."

Kwa Wino hiyo ilikuwa kama umemwambia mtu mwenye njaa aje mezani. Picha ya teleka anayekujia uso kwa uso, mdomo wazi, ndiyo aliyokuwa anaiota. Jioni ile ile alipanda ngazi. Na ya pili yake, na zilizofuata.

Akarudi na mikia. Kila picha, mkia. Mikia mizuri, inayoonekana vizuri, inayoondoka. Mara nyingine ncha ya ubawa pembeni, mara nyingine ukuta mtupu na ule ufa wake. Nilikuwa nashuka ngazi na kumkuta amesimama na kamera usoni, ameganda, na teleka wanapita, kisha ndipo kidole kinabonyeza.

"Inachelewa," akasema. "Kamera imechoka. Nabonyeza, yenyewe inafikiria kwanza."

Nilimshauri aipeleke kwa fundi. Siku ya mapumziko tukaenda wote, maana fundi wa kamera alikuwa jirani na duka ninaponunulia uzi wa kujalidi. Alikuwa kijana wa miwani mwenye meza iliyojaa vioo na bisibisi za kitoto. Aliifungua kamera, akaipuliza, akaipima kwa mashine yake, akapiga picha kadhaa za feni iliyokuwa inazunguka dirishani.

"Mzee, kamera yako haina shida," akasema. "Inabonyezeka inavyotakiwa. Hata mlio wa kulenga uko sawa."

"Mlio gani?" akauliza Wino.

"Huu." Akabonyeza nusu. Nikasikia kimlio kidogo, chembamba, kama tone la maji kwenye chuma.

Wino akangoja. "Haya, bonyeza."

"Nimebonyeza, mzee."

"Bonyeza tena."

Yule fundi alinitazama, nami nikamtazama. Akabonyeza tena, akaisogeza kamera karibu na sikio la Wino, akabonyeza mara nyingine. Wino alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha akajinyoosha.

"Huo mlio nilijua umekufa zamani," akasema polepole. "Nilijua umekufa, nikauzoea."

Nilipoagana naye pale mtaani kwao alinipa mkono na kuushikilia kuliko kawaida.

Kesho yake jioni alinisubiri chini ya ngazi. "Twende wote," akasema. Tukapanda, tukasimama pale inapojipinda. Hewa ilikuwa safi, mvua ilikuwa imenyesha mchana, na wadudu walikuwa wengi. Teleka walikuwa wametoka wote. Walikuwa wanakata kona kundi baada ya kundi, na kile kichochoro kilikuwa kinalia.

"Sasa hivi," Wino akaniuliza, anawatazama, "wanapiga kelele?"

"Wanapiga," nikasema.

"Sana?"

"Sana, ndugu yangu. Ni kero tupu."

Akaketi kwenye ngazi, kamera mapajani. Teleka walipita juu ya vichwa vyetu na yeye akawafuata kwa macho, kama anatazama kitu nyuma ya kioo.

"Nilidhani wamenyamaza," akasema. "Nilidhani labda ni majira yao. Nikasema wakitotoa vifaranga wataanza tena kulia." Akafuta lenzi kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na kitu. "Gundi, sikumbuki siku ya mwisho niliyowasikia. Hilo ndilo linanisumbua. Mtu anaondokewa na kitu kama hicho, hajui hata ni lini."

Tuliketi mpaka ndege wakaingia viotani.

Nilimsihi amwambie mkewe. Alisema atamwambia. Zikapita siku. Aliona aibu, nadhani. Mtu aliyejisifia masikio yake mbele ya mtambo maisha yake yote. Mwishowe shemeji alijua kwa njia yake mwenyewe, na hayo yaliyotokea nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, lakini kiini ni kimoja.

Shemeji alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa mumewe, anashona pindo la pazia. Alisema jambo. Kimya. Akasema tena. Kimya. Akaacha kushona, akageuka, akamkuta mumewe ameketi kitini hana kazi yoyote, macho wazi, hatazami kokote. Hakuwa na gazeti wala ile kamera. Akamwambia, sasa akiwa amemwelekea, "Baba watoto, nimekuita mara ngapi?"

"Umeniita?" akasema Wino.

Na shemeji anasema ilikuwa ni uso wake. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli.

Basi yakatoka yote: kamera, mlio, teleka, simu ya mjukuu. Shemeji alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si desturi yake. Alipomaliza akamuuliza, "Kwa hiyo ukinipita na sufuria yangu jikoni..."

"Sikusikia."

"Na mimi namwambia kila mtu nimeolewa na gogo."

"Mimi nilijua umeanza kunong'ona," Wino akasema. "Nikasema labda umechoka kuongea na mimi."

Shemeji alicheka, kisha akaacha. Kulikuwa na jambo moja alilokuwa amelibeba muda mrefu. Dada yake mkubwa alipofariki, baada ya mazishi kupita na watu kuondoka, shemeji alikuwa anaosha vyombo, mgongo kwa mumewe kama hivi, akamwambia, "Nina hamu ya kwenda kaburini kwa dada, lakini peke yangu sitaweza. Nipeleke kesho." Wino alikuwa amesema, "Haya, mama," akaenda kulala. Kesho yake asubuhi alibeba kamera akaondoka. Shemeji alivaa, akaketi, akangoja, kisha akavua. Hakulisema tena. Alijua amejibiwa.

Sasa akamwambia. Wino akasema hakumbuki kabisa. Hata ile "haya, mama" hakuikumbuka.

"Nilikuwa naitikia tu," akasema. "Nikiona midomo imemaliza, naitikia."

"Mimi nilikuwa nimekupa mgongo," akasema shemeji. "Midomo ungeionea wapi."

Kisha Wino akainuka, akachukua koti lake msumarini, akamsimamia mlangoni. Haikuwa siku ya kwenda popote, na pazia la mteja lilikuwa halijakwisha. Wakaenda. Walichosema kule kaburini hawakuniambia, wala sikuuliza. Najua tu kwamba mwenye pazia alikuja jioni akakuta mlango umefungwa, akaja kulalamika kiwandani kwetu kana kwamba sisi ndio wenye funguo.

Hospitali alipelekwa na mkewe, hakujipeleka. Walimfungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvalisha vitu masikioni, wakamwambia anyanyue kidole kila akisikia. Shemeji alikuwa nje ya kioo. Anasema alikuwa anaona taa ndogo ya mashine inawaka, ishara kwamba sauti imepigwa, na kidole cha mumewe kimetulia gotini, taa inawaka, kidole kimetulia, na uso wa yule mzee umejaa bidii kama mwanafunzi. Ndipo alipotoka kwenda kunawa uso.

Mpimaji aliwaeleza vizuri. Sauti nene anazo bado. Zile nyembamba, za juu, mtambo ulikuwa umezila moja moja kwa miaka. Sauti za watoto, mlio wa saa, herufi za mwisho za maneno. Alimpa vifaa vya kuvaa nyuma ya masikio, akamwonya kwamba vitasaidia mazungumzo, lakini ndege asitarajie sana.

Akavizoea taratibu. Siku za kwanza karatasi zilimtesa. Alisema kila ukurasa unapogeuzwa ni kama mtu anavunja kuni. Lakini mjukuu alipopigiwa simu, Wino alishika simu muda mrefu mpaka mtoto mwenyewe akaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Tajiri alimhamisha akampeleka kwenye mashine ya kukata karatasi, na sisi wote, hata tulio juu, tukaanza kuvaa vizibo bila kubembelezwa.

Teleka ndio waliobaki shida. Kwa vile vifaa aliwasikia kidogo, kwa mbali, kama kitambaa kinachochanwa nyumba ya tatu. Hakuweza kujua wako upande gani wala wamefika wapi. Kalenda ilikuwa inasubiri jalada. Tajiri alikuwa muungwana, hakuuliza, lakini kila mtu alijua karatasi zimeshakatwa.

Jioni moja shemeji alikuja kiwandani kumletea mumewe miwani aliyoisahau. Hakumkuta chini. Nikampandisha ngazi, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale. Wino alikuwa ameelekeza kamera kwenye ufa wake. Alipiga, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Sasa wewe unangoja nini?" shemeji akauliza. "Wamepita muda."

"Nangoja niwaone."

"Ukiwaona wamekwisha. Sikiliza kule, wanakuja wengine." Akakumbuka, akauma mdomo. Halafu akasogea nyuma ya mumewe. "Rudisha mdude wako usoni," akasema. "Wakija nitakugonga."

Mara ya kwanza alimgonga kwa nguvu hata picha ikatoka ya paa. Mara ya pili alichelewa.

"Umechelewa," Wino akamwambia.

"Sijachelewa mimi. Wao ndio wamewahi."

"Usingoje wafike. Sauti ikibadilika tu, ikiwa kama imeingia kwenye bomba, ndiyo hiyo."

"Bomba gani tena?"

"Utaisikia."

Nikawaacha wanabishana. Nilipokuwa nafunga ofisi niliwasikia bado, shemeji anasema "sasa", Wino anasema "sasa gani", na teleka juu yao wamechachamaa.

Shemeji alirudi kesho yake na mto wa kukalia. Na siku nyingine. Alisema anakuja kwa sababu macho yake yanahitaji kupumzika na sindano. Wakaacha kugongana, aliweka tu kiganja mgongoni kwa mumewe, katikati ya mabega, na sauti ilipokunja kona alikibonyeza. Nilivyowaona mimi kutoka dirishani, hakukuwa na maneno kabisa. Mwanamke amefumba macho, mwanamume ameficha yake nyuma ya lenzi, na mkono mmoja baina yao.

Picha waliyoipata ni hii iliyo mbele yangu. Teleka anakuja moja kwa moja, mbawa zimenyooka pande zote mbili, karibu ziguse kuta, mdomo wazi kama anakudai uondoke njiani. Nyuma yake kichochoro kimekuwa ukungu wa rangi ya matofali. Si safi kabisa; ncha ya ubawa wa kushoto imetikisika. Tajiri aliitazama kitambo, akasema, "Huyu ananitazama kweli," akashuka mwenyewe kuagiza itengenezewe bamba la kuchapia.

Kuichapa kulikuwa na kazi yake. Weusi wa teleka si weusi mmoja; una kahawia ndani, na ukizidisha wino unapata doa la lami. Wino hakuwa tena na mtambo, lakini kwa kazi ile alisimama kando ya kijana aliyempokea, akashika karatasi za mwanzo mwanzo, akazielekeza kwenye mwanga, akasema ongeza, punguza, mpaka akaridhika. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba imepigwa na fundi mchapaji na fundi cherehani. Shemeji alinunua fremu kwa hilo, ingawa kwa watu alisema ni kwa ajili ya kuziba ufa wa ukuta.

Siku hizi wanatoka nje ya mji. Kuna majabali marefu mbele kidogo ya daraja la reli, na huko wapo teleka wa aina nyingine, wakubwa, wenye tumbo jeupe, wanaoshuka kutoka juu ya mwamba kwa kasi ambayo hata shemeji inamtoa kelele. Hawakai kwenye majengo hao. Juzi nilikwenda nao. Shemeji alivaa viatu vilivyomshinda, akavivua njiani, akatembea peku huku anamlaumu mumewe kwa kila jiwe. Tulipofika alitandika kitambaa, akatuamuru tunyamaze, akafumba macho.

Upepo ulikuwa mwingi na hakusikia vizuri. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Wino alivua vifaa vyake akavitia mfukoni, maana upepo humsumbua navyo, akalala chali kwenye majani na kutazama juu. Mimi niliwaona ndege kabla yao, nikawaonyesha. Shemeji akachukua kamera kutoka kifuani kwa mumewe, akasema yeye hatapiga picha, anataka tu kuwatazama kwa karibu, na hakuirudisha mpaka tulipoondoka.